Mtoto Ajue Kujipima Kabla Hajapimwa

Kila muhula ufungwapo, jambo moja hutukia katika nyumba nyingi za nchi hii. Mtoto huingia na karatasi ya ripoti mkononi, akampa baba yake. Baba huitazama juu na chini, kisha huuliza, "Mbona hesabu zimekushinda, mwanangu?" Mtoto hunyamaza. Huulizwa mara ya pili, na mara ya tatu kwa sauti kubwa zaidi, naye huzidi kuinamisha kichwa. Mwisho husema neno ambalo kila mzazi amepata kulisikia: "Sijui." Baba hukasirika, kwa kuwa adhani mtoto ni mkaidi.

Lakini yafaa tuamini kwamba mtoto huyo amesema kweli tupu. Hajui. Amefanya mazoezi ya hesabu muhula mzima, na daftari lake limejaa alama za kalamu nyekundu, za sahihi na za makosa, wala haikupita siku hata moja aliyoulizwa yeye mwenyewe aionaje kazi yake. Amezoea kungoja. Huandika, hupeleka daftari mezani kwa mwalimu, hungoja; na daftari likirudi hutazama alama, akalifunga.

Habari ya kungoja huko ndiyo nitakayo kuieleza leo, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wazazi, na baadhi yao ni walimu, na jambo lenyewe laweza kutengenezwa pasipo gharama kubwa.

Na tuanze na kahawa. Mtu aliyepata kufika kwenye kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika huko Nyeri, Murang'a au Kirinyaga wakati wa mavuno ameona jinsi wakulima wamwagavyo matunda yao juu ya magunia au maturubai, wakaketi kuyachambua kabla ya kwenda kwenye mizani. Matunda mekundu yaliyoiva huwekwa upande mmoja. Mabichi, yaliyokauka, na yaliyoharibiwa na magonjwa au wadudu huwekwa upande mwingine. Siku za likizo watoto huwapo pia pamoja na wazazi wao, na mtoto wa miaka tisa aweza kufanya kazi hiyo bila kukosea sana. Hangoji karani wa mizani aje kumwambia lipi jema na lipi baya. Amejuaje? Amejua kwa sababu alionyeshwa tunda bivu na tunda bichi, akayashika yote mawili mkononi, akayatazama pamoja. Tena ajua ya kuwa mabichi yakionekana yamechanganyika na mabivu, karani atamrudisha mama yake nyuma akachambue upya.

Basi mtoto huyo huyo, Jumatatu asubuhi, hupeleka insha yake kwa mwalimu pasipo kujua kama ni mbivu au mbichi. Akili ni ile ile, na macho ni yale yale. Kilichopungua ni kwamba hakuna mtu aliyemwonyesha insha iliyoiva ina rangi gani.

Mtaalamu mmoja wa Australia, Bwana D. Royce Sadler, aliandika juu ya jambo hili mwaka wa 1989, na maneno yake yamesomwa na walimu wa nchi nyingi. Alisema kwamba mwanafunzi apate kuendelea ni lazima awe na mambo matatu: ajue kazi njema ni ipi, aweze kulinganisha kazi yake na hiyo, kisha awe na njia ya kupunguza tofauti aliyoiona. Mchambuaji wa kahawa anayo yote matatu. Mtoto aliyeketi darasani aghalabu hana hata moja, kwa kuwa kipimo chote kimo kichwani mwa mwalimu, nako ndiko kinakobaki mpaka kengele ya mwisho.

Huenda msomaji akasema, "Haya ni maneno ya wataalamu, je, yamepata kujaribiwa kwa watoto?" Yamejaribiwa, tena kwa watoto wadogo. Habari ya Ureno naipenda kuliko nyingine, nami nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Mwaka wa 1994 Fontana na Fernandes walitangaza matokeo ya kazi iliyofanywa na walimu 25 wa hesabu wa nchi hiyo. Walimu hao walihudhuria mafunzo ya majuma 20, wakifundishwa njia za kuwawezesha watoto kujipima wenyewe, na kila walichojifunza walikwenda kukitumia darasani mwao papo hapo. Watoto 246 walikuwa wa miaka 8 na 9, yaani umri wa mtoto wetu wa darasa la tatu au la nne. Wengine 108 walikuwa wa miaka 10 hadi 14. Ili pawe na kulinganisha kwa haki, walichukuliwa walimu wengine 20 ambao wakati huo huo walikuwa wakihudhuria mafunzo mengine ya ualimu, na watoto wao wakapimwa vilevile. Muda wa kufundisha hesabu ulikuwa sawa pande zote mbili.

Watoto wa walimu wale 25 walifanya nini? Karibu kila siku walijipima. Walifundishwa kuelewa ni jambo gani wanalojifunza na kazi yao itapimwa kwa kitu gani. Walipewa nafasi ya kuchagua baadhi ya mazoezi. Tena walipewa mazoezi ya namna ambayo mtoto aweza kujionea mwenyewe kama amefaulu. Majuma 20 yalipokwisha, watoto wa pande zote mbili walikuwa wameendelea, kama inavyotazamiwa. Lakini wale wa miaka 8 na 9 waliojipima walikuwa wameongeza maarifa kwa kadiri ya mara mbili ya wenzao. Kwa wale wakubwa faida haikuwa dhahiri namna hiyo, na ni haki kulisema hilo pia. Hata hivyo, Bwana Paul Black na Bwana Dylan Wiliam wa King's College, London, walipokusanya taarifa zipatazo 250 za uchunguzi wa namna hii mwaka wa 1998, habari ya Ureno ilikuwa miongoni mwa mifano waliyoitaja.

Nasema hivi kwa sababu wako watu wadhanio kwamba kujitazama ni kazi ya wanafunzi wakubwa, na kwamba mdogo kazi yake ni kukariri. Ureno walionufaika waziwazi walikuwa wadogo.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka kadha, na katika miaka hiyo swali nililouliza mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: "Mmeelewa?" Nao darasa zima waliitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu, tumeelewa!" Nilifurahi, nikafuta ubao. Kila aliyesoma katika nchi hii aukumbuka wimbo huo, na kila aliyeuimba ajua kwamba aliuimba hata siku asizoelewa neno. Si kwamba watoto ni waongo. Swali lenyewe halikutaka jibu. Lilikuwa kama salamu, na salamu hujibiwa kwa namna moja tu.

Nilikuja kuligundua jambo hilo kwa hesabu ya kutoa. Mpe mtoto wa darasa la tatu hesabu hii, 402 toa 178, na wako wengi watakaokuandikia 376. Mwalimu mwenye haraka hutia alama ya kosa akapita. Lakini 376 haikuanguka kutoka mbinguni. Mtoto ametoa 1 katika 4, akapata 3. Amefika penye 0 na 7, akaona 7 haiwezi kutoka katika 0, basi akageuza, akatoa 0 katika 7. Penye 2 na 8 amegeuza tena, akapata 6. Anayo kanuni yake, naye aifuata kwa uaminifu: tarakimu ndogo hutolewa katika kubwa, popote zilipo. Ukimwekea kosa mara ishirini atairudia mara ishirini, kwa kuwa kosa halimwambii ni kanuni ipi iliyompoteza.

Mfundishe mtoto huyo kuipima hesabu yake. Mwambie, "Chukua jibu lako, ulijumlishe na kile ulichotoa, usiporudi ulikoanza, umepotea njiani." Atajumlisha 376 na 178, naye atapata 554. Ifanye fedha. Ulikuwa na shilingi 402, ukatumia 178; sasa ukizirudisha hizo 178 mfukoni unakuta una 554. Je, shilingi 152 zimetoka wapi? Nimeona watoto wakicheka kwa swali hilo, kisha wakanyamaza, kisha wakachukua kifutio bila kuambiwa. Kunyamaza huko katikati ndiko mwalimu anakokutafuta.

Walakini hiyo ni nusu ya kazi. Kipimo cha kujumlisha humwambia mtoto kwamba amepotea, hakimwambii amepotelea wapi. Nusu ya pili ni kumzoeza kurudi nyuma hatua kwa hatua na kuandika pembeni, kwa maneno yake, mahali alipokwama. Mmoja aliniandikia, "Nilipotea penye sufuri." Maneno matatu tu, na kwangu yalikuwa na thamani kuliko kurasa mbili za makosa, kwani niligundua kwamba nusu ya darasa walikuwa wakipotea penye sufuri, na kosa lilianza siku ile nilipofundisha kukopa kwa mifano isiyokuwa na sufuri hata moja. Jibu la kweli la hesabu ile, kwa msomaji aliyekwisha kuchukua kalamu, ni 224.

Upande wa lugha kazi ni ngumu zaidi, maana barua au insha haina jibu moja la kujumlishia. Hapo ndipo hukumu ya kahawa inapofaa. Mwalimu na aandike ubaoni barua mbili fupi za kumwomba mwalimu mkuu ruhusa kwa sababu ya ugonjwa. Moja nzuri, na nyingine yenye upungufu, lakini zote ziwe ni za kutungwa, zisiwe za mtoto yeyote wa darasa hilo, asije akaaibishwa. Awaulize watoto, "Mngekuwa ninyi mwalimu mkuu, ni nani mngempa ruhusa, na kwa nini?" Watajibu wenyewe: hii yataja siku, hii yaeleza sababu, hii ina salamu, ile sijui yaanzia wapi na kuishia wapi, maana haina nukta. Mwalimu na ayaandike maneno yao kama walivyoyasema, asiyageuze kuwa maneno ya kitabu. Yale manne ndiyo kipimo chao, nao wamekitengeneza.

Kisha kila mtoto aandike barua yake. Kabla ya kuipeleka mezani, apige mstari chini ya mahali palipotajwa siku, na chini ya mahali palipoelezwa sababu, na kadhalika. Hili la kupiga mstari naliona ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ukimwuliza mtoto, "Je, umetaja siku?" atasema ndiyo, kama vile alivyosema "Tumeelewa." Ukimwambia, "Nionyeshe ulipoitaja," atatafuta, na asipoiona atajua mwenyewe kwamba haipo, nawe hukusema neno. Nimeona orodha nyingi zilizochapishwa vizuri, zenye visanduku vya kutia alama, watoto wakizijaza zote kwa dakika moja huku wakitazama dirishani. Kisanduku hakimlazimishi mtu kurudi katika kazi yake.

Wapo walimu watakaouliza, tena kwa haki, "Nina watoto sitini au zaidi, nitawezaje kusoma maneno ya kila mmoja?" Kwa hao kuna njia nyepesi. Bwana Black na Bwana Wiliam walifanya kazi na walimu wa sekondari wa Oxfordshire na Medway huko Uingereza kuanzia mwaka wa 1999, na baadhi yao waliwafundisha wanafunzi kutia alama za rangi mfano wa taa za barabarani: kijani kwa anayeona amelielewa jambo vizuri, manjano kwa mwenye shaka, nyekundu kwa aliyekwama. Kisha wa kijani na wa manjano waliketi wawili wawili wasaidiane, na mwalimu akaenda kukaa na wale wa nyekundu. Kwetu kalamu za rangi ni shida, lakini nukta hazihitaji rangi. Nukta moja chini ya kazi, nimeweza, mbili, sina hakika, tatu, nimekwama. Madaftari hukusanywa katika mafungu matatu, na mwalimu wa watoto sitini huanza na fungu la nukta tatu, ambalo ndilo lenye kazi. Mwalimu hatasoma pungufu ya alivyokuwa akisoma zamani. Atakalopata ni kujua aanzie wapi.

Nilipoijaribu njia hiyo mara ya kwanza ilishindwa kabisa. Watoto wote walitia nukta moja. Nikawapa jaribio fupi, na karibu nusu yao hawakuweza. Niliudhika, nikawaita waongo moyoni mwangu, mpaka nilipokumbuka kwamba juma lililotangulia niliwasimamisha watoto wawili mbele ya wenzao kwa sababu hawakujua jambo lile lile. Darasa zima liliona nini humpata asiyejua. Ni mtoto gani mwenye akili atakayeandika nukta tatu baada ya hapo?

Sheria ya Kenya ilikataza kuwachapa watoto shuleni mwaka wa 2001, na hilo lilikuwa jema. Lakini mtoto hukiogopa kicheko kama alivyoogopa kiboko, na kicheko hakina sheria. Mahali ambapo kusema "nimekwama" huleta adhabu, au dhihaka, au hata macho ya mwalimu ya kuchoka, kujipima hugeuka kuwa mazoezi ya kudanganya, na heri kusiwepo. Dawa niliyoitumia sijui kama itamfaa kila mtu. Nilikosea hesabu ubaoni, siku hiyo pasipo kukusudia, na mtoto mmoja akaliona kosa. Zamani ningalisema nilikuwa nikiwajaribu. Safari hii nilimshukuru, nikatia nukta tatu kubwa chini ya kazi yangu mwenyewe, nikamwomba anionyeshe nilipopotea. Juma hilo fungu la nukta tatu lilipata madaftari yake ya kwanza.

Jambo la pili liwezalo kuharibu kazi hii ni alama zenyewe, na hapa najua wazazi wengi hawatakubaliana nami. Bibi Ruth Butler alitoa taarifa mwaka wa 1988 juu ya watoto wa darasa la tano na la sita huko Israeli. Wengine walirudishiwa kazi yenye alama tu. Wengine kazi yenye maneno ya kuwaelekeza, pasipo alama. Wengine alama pamoja na maneno. Waliopewa maneno tu ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye na kuendelea kuipenda kazi. Wale waliopewa vyote viwili, ambao mtu angedhani watawapita wote, hawakupata faida hiyo. Sababu si ngumu kuiona. Mtoto akipewa 6 kwa 10 pamoja na maneno mazuri, huitazama 6, huitazama ya jirani yake, akafunga daftari. Maneno hubaki peke yao.

Nchi yetu imeishi na alama kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 mtoto wa Kiafrika alichujwa kwa mtihani baada ya darasa la nne, na aliyepita alikutana na KAPE mwisho wa darasa la nane. KCPE ilianza mwaka wa 1985, na watoto wa mwisho waliufanya mtihani huo mwaka wa 2023. Kwa hiyo si ajabu kwamba baba arudipo jioni huuliza, "Umepata ngapi?" Yeye mwenyewe aliulizwa hivyo, na babu yake pia.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka wa 2019 kwa madarasa ya chini, ulitaja kujifunza namna ya kujifunza kuwa mojawapo ya mambo saba ya msingi ambayo kila mtoto ayapate. Mtihani wa kwanza wa Gredi ya 6, yaani KPSEA, ulifanywa mwaka wa 2022, na mpango wake ulikuwa kwamba sehemu 60 katika 100 zitokane na kazi za shuleni za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6, na sehemu 40 zitokane na mtihani wenyewe. Badala ya 6 kwa 10, mtoto huambiwa kwamba amezidisha matarajio, au ameyafikia, au ameyakaribia, au yuko mbali nayo. Nia ni njema. Lakini nimewauliza watoto kadha walioandikiwa "kukaribia matarajio" ni matarajio gani waliyoyakaribia, na kimebaki nini wayafikie. Wengi walinijibu kwa neno lile lile la mwanzo wa makala haya. Tumebadili maandishi ya karatasi. Mtoto bado angoja.

Naona pia kwamba alama ambazo mtoto hujipa mwenyewe zisiingizwe kamwe katika hesabu ya ripoti. Wako watakao kuziingiza, wakidhani ndiyo heshima kwa mtoto. Siku nukta zitakapohesabiwa, kila mtoto atatia nukta moja, na mzazi wake atamsaidia kuitia. Kujipima ni kama daftari la karani alinganishaye fedha za sanduku na risiti zake kila jioni: ni lake, limsaidie kesho. Mkaguzi ana siku yake na vitabu vyake, wala kazi ya karani haimwondoi mkaguzi. Vivyo hivyo mwalimu habandukiwi kazi yake ya kupima. Mtoto mdogo sana, wa darasa la kwanza, hudhani aweza kila kitu. Huo si uongo, ni umri, na mwalimu ndiye wa kumrudisha kwenye ukweli taratibu, kwa vitu vya kushika na kuhesabu.

Nyumbani mzazi aweza kusaidia hata kama hakusoma. Asianze na alama. Aseme, "Lete daftari. Nionyeshe kazi uliyoifanya vizuri kuliko zote. Sasa nionyeshe moja ambayo ungepewa nafasi ungeirudia." Kisha amwulize angeirudiaje, kwa lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani, naye anyamaze asikilize. Sehemu ya kunyamaza ndiyo ngumu. Mzazi aliyesoma hushindwa nayo zaidi, maana aliona kosa kabla mtoto hajaliona, na ulimi wamwasha. Wapo hata wanaochukua kazi yenyewe. Twawajua watu wazima waliokesha wakitengeneza vifaa na michoro ya watoto wa Gredi ya 2, na asubuhi mtoto akavibeba shuleni kama mchukuzi. Mtoto huyo akiulizwa na mwalimu kazi yake aionaje, atasema nini?

Wala si lazima iwe kila siku. Mara moja kwa juma, Jumapili jioni, yatosha kwa nyumba yenye ng'ombe wa kukama na maji ya kuteka.

Katika darasa lile langu la nukta, muhula ulipokaribia kwisha, nililifungua daftari la msichana mmoja ambaye mwanzoni hakupata kuniuliza swali lolote. Alikuwa ametia nukta moja chini ya hesabu nane na tatu chini ya hesabu ya sita. Pembeni aliandika kwa penseli: "Mwalimu, hii nimeipima mara mbili hairudi. Nadhani nimekopa mara moja na ilitaka mara mbili." Sikutia alama yoyote. Nilimwandikia chini yake aje nayo mezani kabla ya kengele, naye akaja akiwa amekwisha kuirekebisha.